Tumefahamu, Maalim

Maalim Badar wa Kikwajuni anajua Kiingereza cha karatasi kuliko mtu yeyote aliyewahi kupanda ngazi za nyumba ile ya Malindi, na hili hulisema yeye mwenyewe, maana akingoja wengine waliseme atangoja sana. Mpe sentensi iliyovunjika mguu, ataiganga. Mpe koma iliyokaa pasipo pake, ataing'oa kama mwiba. Alifundisha skuli za serikali mpaka akastaafu, na tangu hapo ana twisheni yake ghorofani, juu ya duka la vitambaa, ambako watoto wa kidato cha nne huja mchana kudurusu sarufi, alama za uandishi na tamathali za semi kabla ya mtihani wa taifa.

Kiingereza cha mdomoni ndicho kilichomshinda. Si kukisema, kukisema anakisema, taratibu na kwa heshima, kila neno limevaa kanzu na kofia. Kukisikia ndiko hakuwezi. Mzungu akifungua kinywa, Badar husikia mvua juu ya bati. Taarifa ya habari ya Kiingereza huifungulia kila siku kwa sauti ya juu ili majirani wasikie, na anachoambulia humo ni majina ya nchi.

Siri hiyo ameilinda kwa miguu. Kutoka Kikwajuni kwenda Malindi, mwenye akili zake hupita barabara kuu mpaka Darajani, akamaliza. Badar hupinda vichochoro vya nyuma, akapita mpaka kwenye majiko ya watu akipiga hodi na kuomba radhi, ilimradi asikutane na mtalii aliyepotea. Mara moja tu alinaswa, huko Hurumzi, na bwana mmoja mrefu mwenye ramani. Bwana yule aliuliza jambo. Badar alimjibu kwa sentensi ndefu yenye vishazi tegemezi viwili, nukta mkato katikati, na mkono ukionesha Ngome Kongwe. Yule bwana akashukuru sana, akaenda upande wa pili. Mpaka leo Badar hajui aliulizwa nini.

Darasani kwake, lakini, alikuwa mfalme. Juu ya ubao alibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, herufi za kupendeza kweli: Kuuliza si ujinga. Hakuna aliyewahi kuuliza. Akimaliza somo hugeuka, akafuta chaki vidoleni, akapaza sauti: "Mumefahamu?" Na darasa zima huitikia kwa pamoja kama watu kwenye dua: "Tumefahamu, maalim!" Akiteremka ngazi, sauti ile huwa bado inamlia masikioni. Akifika nyumbani humsimulia mkewe, Bi Kawthar, namna watoto wa leo wanavyoshika.

Mwaka huu mambo yaliharibika. Kijana mmoja alifungua twisheni Michenzani, ana feni mbili na mzungu wa kujitolea anayekuja kuzungumza na wanafunzi. Madawati ya Badar yakaanza kupata nafasi. Walioondoka hawakuaga, leo yupo, kesho hayupo, na aliyebaki anasema mwenzake anaumwa. Badar alijua vizuri kitakachomfika darasa likiisha watu. Atabaki mzee wa barazani anayesahihisha mabango ya maduka, na mabango ya maduka hayaitikii.

Ndipo siku moja, wakidurusu tamathali za semi, aliwataka watoe mfano wa mubalagha, yaani kutia chumvi. Akasimama Mcha, kijana wa Bwejuu aliyejifunza Kiingereza ufukweni kwa kubishana na wageni, na ambaye hajawahi kuiona faida ya koma tangu azaliwe. Akasema kwa Kiingereza, taratibu kama wanavyosemeshwa darasani, kwamba Maalim Badar anajua lugha hiyo kuliko Waingereza wenyewe. Darasa likacheka. Badar naye akacheka, akauandika mfano ule ubaoni.

"Basi si tumlete Mwingereza tupime?"

Aliyesema ni Tahiya, mwanafunzi wake bora, binti mtulivu asiyetoa neno mpaka alipime, kwa hiyo akisema watu husikiliza.

"Wale wa Michenzani wanatucheka, maalim," aliendelea. "Wanasema wao wana mzungu, sie tuna chaki tu. Na Mcha anamjua bibi mmoja wa Kiingereza. Yuko kwenye nyumba ya wageni anayofanya kazi mjomba wake Mcha."

"Bibi muungwana sana, maalim," Mcha akadakia. "Nshamuuliza. Kasema Jumatano anakuja."

Badar akazitazama nyuso zao. Akikataa, wataondoka. Akikubali, watajua, kisha wataondoka. Akaona bora ile itakayochelewa.

"Ahlan wa sahlan," alisema. "Aje."

Mtu mwengine angejitia homa. Badar alijitia adabu. Alikaa akafikiri, akaona kwamba Mzanzibari hakatwi katikati ya salamu. Mtu huulizwa alivyoamka, akaulizwa watu wa nyumbani, na watoto, na wazee wake, na shughuli, na hali ya hewa ya huko atokako, na kila jawabu hupokewa kwa shukrani. Mwenye haraka, haraka ni yake. Basi yeye atamsalimu mgeni hatua kwa hatua, kisha atawaamrisha wanafunzi nao wamsalimu mmoja mmoja, na kabla hawajamaliza adhana ya alasiri itamwokoa. Na uzuri wa salamu ni kwamba hazihitaji masikio. Unauliza, unajibiwa nzuri, unamshukuru Mungu, unapita. Akazitafsiri zote kwa Kiingereza fasaha, akazihifadhi, na akajiwekea jawabu moja la kupokelea kila kitu: vizuri sana, Mungu ashukuriwe.

"Debe tupu wee," alijiambia mbele ya kioo Jumatano ile, akifunga vifungo vya kanzu, "leo uvume kwa adabu."

Mgeni alikuja kwa wakati wake. Bi Heleni alikuwa mtu mzima, uso umeiva kwa jua, kofia ya ukili kichwani. Alipoona ndara zimepangwa chini ya ngazi, akavua viatu bila ya kuambiwa. Wakamkalisha kwenye kiti cha maalim. Akatabasamu, akasema kitu, na mvua ikanyesha juu ya bati.

"Hujambo, bibi?" Badar alianza kwa Kiingereza chake, amesimama wima. "Umeamkaje?"

"Fain," alisema Bi Heleni.

"Vizuri sana, Mungu ashukuriwe. Na nyumbani hawajambo?"

Nyumbani pia fain. Na watoto? Bi Heleni akaonesha vidole viwili, akasema maneno mengi akicheka. Vizuri sana, Mungu ashukuriwe. Na baridi ya kwenu? Akajikunyata kwa mzaha, darasa likacheka. Vizuri sana. Badar alianza kuona raha. Kazi yenyewe ndiyo hii? Miaka yote ile ya kuingilia majiko ya watu, alikuwa akikimbia nini? Raha ikamzidi mpaka akataka na wanafunzi wafaidike. Akainua mkono juu, kama afanyavyo akitaka waitikie pamoja.

"Na mama yako, bibi? Mama hajambo?"

Bi Heleni aligeuza uso. Alitazama dirishani, kisha akasema maneno machache, haraka haraka, sauti iko chini.

"Vizuri sana!" alisema Badar kwa sauti ya kutikisa vioo, na mkono akaushusha.

"Vizuri sana, Mungu ashukuriwe!" darasa likaitikia.

Wawili tu hawakuitikia, Mcha na Tahiya. Mcha alikuwa ameshika kichwa. Bi Heleni alibaki mdomo wazi, na macho yake yakaanza kujaa maji.

Tahiya akasimama. "Maalim," alisema kwa Kiswahili, "kasema mama yake kafariki. Mwezi uliopita."

Mficha maradhi kilio humuumbua. Kilio cha Badar kilikuwa kimekaa mbele yake, kwenye kiti chake mwenyewe, kimevaa kofia ya ukili.

Njia ya kutokea ilikuwapo, na aliiona mara moja. Angeweza kusema kwamba alikusudia kumshukuru Mungu kwa kila hali, ya kheri na ya msiba, kama dini inavyotufunza. Watoto wangeamini, pengine hata wangemsifu. Alikuwa ameshafungua mdomo. Kisha akamwona yule bibi anatafuta kitambaa ndani ya mkoba na hakipati, na aibu ikamshika. Haikuwa ile hofu ya kuumbuliwa aliyoizoea miaka yote. Hii ilikuwa aibu hasa, ya kumwonea mtu haya usoni, na ilimuuma.

"Bibi," alisema kwa Kiingereza, na mara hii maneno hayakuvaa kofia, "sikusikia. Ninafundisha Kiingereza tangu ujana wangu, na Kiingereza kikisemwa mimi sikisikii. Nilijifanya. Nisamehe. Tafadhali, sema tena, pole pole."

Aliyekuwa akichezea kalamu akaiweka chini. Bi Heleni akajifuta macho kwa kiganja, akamtazama mzee yule, kisha akarudia. Mama yangu. Alifariki. Mwezi uliopita. Na Badar, kwa mara ya kwanza katika umri wake, akamsikia Mwingereza tangu mwanzo wa sentensi mpaka kwenye nukta.

"Pole," alisema. Alilisema kwa Kiswahili, kwa sababu lile la Kiingereza alilowafundisha wanafunzi wake ni lile lile la kumwomba radhi uliyemkanyaga sokoni, akaona halitoshi.

"Ahsante," alijibu Bi Heleni, ambaye Kiswahili hicho alikuwa ameshakipata.

Wasichana ndio walioinuka kwanza. Walifanya kama wanavyofanya wakiingia kwenye nyumba ya msiba: wakamwendea mmoja mmoja, wakamshika mkono, pole bibi, pole sana. Wavulana wakasema pole zao kutoka kwenye madawati, macho chini. Tahiya alikaa chini karibu na kiti akamuuliza mama yake alikuwa akiitwa nani. Bi Heleni akasema Doroti. Kisha akasema jambo jengine, neno baada ya neno, akimtazama Badar kuhakikisha anafuata. Kwao, alisema, watu wakisikia habari kama ile hupenda kubadilisha mazungumzo, na tangu siku ya mazishi hakuna aliyemuuliza jina hilo. Akawaeleza namna Doroti alivyokuwa akipiga mbinja akikaanga mayai, na alivyokuwa hawezi kukaanga yai moja bila ya kuliunguza. Adhana ya alasiri ilipolia, ile aliyoingojea kwa hamu, Badar alitamani ingechelewa kidogo, akamwomba Mungu msamaha.

Nyumbani alimhadithia Bi Kawthar yote, hakubakisha kitu. Alitegemea mkewe ashangae sana.

"Ah, hilo," alisema Bi Kawthar, anamenya muhogo. "Mie nnajua tokea zamani. Redio inasema mafuriko, wewe unatabasamu."

Siku ya darasa iliyofuata alichelewa kwa makusudi. Alipita barabara kuu mpaka Darajani, katikati ya watalii na ramani zao, kwa kuwa hakuwa tena na cha kuficha, na njiani alikuwa akijitungia maneno ya kuagana na madawati. Alipofika chini ya ngazi aliona ndara zimejaa mpaka kizingitini. Alisimama akazitazama, akidhani pengine dukani kuna wateja.

Walikuwamo wote, na wawili kati ya wale waliohamia Michenzani walikuwa wamerudi, wamekaa nyuma kama watu waliokuwapo siku zote.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba."

Hakuna aliyeitaja Jumatano. Badar akashukuru, akafundisha koma, kwa sababu koma haijawahi kumwaibisha. Alifundisha kwa bidii mpaka ubao ukajaa, mifano kwa mifano. Alipomaliza akageuka, akafuta chaki vidoleni.

"Mumefahamu?"

Kimya. Akadhani hawakumsikia, na yeye wa kwanza kumsamehe mtu asiyesikia. Akarudia. Kimya vile vile. Wakatazamana, kisha Mcha akainua mkono.

"Maalim, mie sikufahamu."

"Hukufahamu wapi, mwanangu?"

"Koma."

"Koma ipi?"

"Zote, maalim. Tokea tulipoanza."

Mkono mwengine ukainuka karibu na dirisha, na mwengine nyuma yake. Mmoja hakuwa akijua kishazi ni kitu gani. Mmoja alikuwa akichagua baina ya tashbiha na sitiari kwa kubahatisha, na akikosa anasema kalamu imeteleza. Kisha Tahiya, Tahiya mwenyewe, akauinua wake taratibu.

"Nukta mkato, maalim," alisema. "Mie naitia pale nnapoona sentensi imechoka."

"Na kila siku mnanijibu tumefahamu?"

"Ukijibiwa unafurahi sana, maalim," alisema Mcha. "Tuliona haya kukuvunja moyo."

Badar aliitazama mikono ile, na mtihani umeshabisha hodi. Kiingereza hakikuwaingia, lakini mwalimu wao aliwaingia barabara: darasa zima la kina Badar wadogo, kila mmoja amejifanya anasikia. Alitaka kukasirika, akakuta hana wa kumkasirikia isipokuwa yule aliyeshika chaki. Juu ya ubao, yale maneno yake ya herufi za kupendeza yalikuwa pale pale yalipokuwa siku zote.

Akachukua kitambaa, akafuta ubao wote, hata ile mifano aliyoipenda.

"Haya," alisema, akavuta kiti akakaa nao. "Mcha, sema tena. Pole pole."