Chembe Zisizoonekana katika Mafuta ya Ndege

Kando ya ndege ndogo, uwanjani Kigoma, tulikuwa wanne: rubani, mpimaji wa mafuta, mama muuza mawese wa mtaa wa Buzebazeba, anayemwahi dada yake aliyelazwa mahututi Dar es Salaam, na mimi.

Mpimaji alipitisha mafuta kwenye kifaa cha kuhesabu chembe, akasoma namba, akatikisa kichwa. "Machafu. Tunabadilisha kichujio, tunapima upya."

Mama aliinamia chupa ya mafuta yaliyopimwa. "Mbona yanang'aa kama maji ya ziwa?"

"Chembe zake hazionekani kwa macho, mama."

"Kama hazionekani, nani kakutuma uzitafute?" Akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni. "Chuja na hiki. Mawese yangu yote hupita humu."

"Mawese hayarushi ndege, mama."

"Yamenikuzia watoto sita."

Rubani alikipapasa kitenge kama mnunuzi. "Kizuri," alisema, "lakini tutasubiri."

Tulisubiri saa mbili, tangu saa sita mchana, nami nakiri nilikwishaanza kukiamini kile kitenge. Mafuta yalipofaulu, mama alisimama kwenye ngazi, akagoma kupanda. "Pima tena, mwanangu. Mimi naogopa ndege."

Akapimiwa tena.

Tulitua Dar es Salaam jioni. Dada yake alikuwa amefariki saa saba mchana.