Nilisema Ukuta Si Kazi ya Bodi

Kosa ni langu. Nalitaja mwanzo kabisa ili msomaji asije akanitafutia udhuru njiani. Nilikuwa mwanabodi wa kituo cha watoto viziwi huko Mwakirunge. Nilijua kwamba ukuta wa bweni la wasichana umepasuka, nikanyamaza, tena kwa hoja nzuri.

Mimi sikusoma sana. Shule niliiacha mapema, na ninachokijua nimejifundisha mwenyewe baada ya kazi, nyumbani kwangu Changamwe. Nilipoingizwa katika bodi sikutaka kuonekana mjinga. Nikasoma kila nilichokipata kuhusu wajibu wa mwanabodi, mpaka wenzangu wakaanza kuniita Profesa. Nililipenda jina lile kuliko nilivyokubali kukiri.

Vikao tulivifanyia nyumbani kwa mwenyekiti, Kisauni. Kituoni hatukwenda. Timbo la mawe lilikuwa jirani, vumbi lilikuwa jingi, na mke wa mwenyekiti alikuwa hodari wa mahamri na mbaazi. Tulifungua kwa dua, tukala, tukasikiliza taarifa ya meneja, tukafunga kwa dua. Kumhoji meneja mbele ya sahani za mwenyeji kulionekana utovu wa adabu.

Siku moja Bi Kadzo, mlezi wa bweni la wasichana, alikuja kikaoni bila kualikwa. Alivua ndala mlangoni, akatuamkia, akakaa pembeni mwa mkeka.

"Mzee, ule ukuta wa bweni umepasuka," akamwambia mwenyekiti. "Kila wakilipua baruti kule timboni, ufa wazidi kupanuka."

Meneja alitabasamu. "Bi Kadzo, mambo kama haya si ungeniambia mimi?"

"Nilikwambia. Ukanambia nisogeze kabati pale, wageni wasiuone."

Mwenyekiti akanigeukia. "Profesa, hili tulifanyeje?"

Nilijua walichotaka kusikia. Nikaeleza kwamba bodi huongoza, haifanyi kazi ya meneja, na kwamba mwanabodi anayeingilia mambo ya kila siku huvunja utaratibu. Yote hayo ni kweli, na yameandikwa. Nilichokiacha ni kwamba palepale nilipoyasoma pameandikwa pia kuwa usalama wa watoto ni dhamana ya bodi, na bodi haiwezi kumtwika meneja dhamana hiyo ikajisahau. Sehemu hiyo niliiruka kwa makusudi.

"Profesa amemaliza," mwenyekiti akasema, akaniongezea chai.

Bi Kadzo akasimama. "Haya. Nitakwenda kuuambia ukuta kwamba haumo kwenye ajenda."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka zaidi.

Lakini kicheko kile kilinikaa vibaya. Jumamosi nikaenda Mwakirunge peke yangu. Bi Kadzo akasukuma kabati kando. Ufa ulitoka darini ukashuka mpaka sakafuni, na vidole vyangu viliingia. Vitanda alikuwa ameshavihamishia upande wa pili. Wasichana wawili, mmoja bado mdogo sana, walisimama pale, viganja vyao vimelala ukutani.

"Wafanyani hawa?" nikauliza.

"Wasikiliza. Baruti ikilipuka, wao hujua kabla yangu. Tia mkono nawe."

Nikatia. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha ukuta ukatetemeka chini ya kiganja changu, kama ubavu wa mnyama mwenye homa. Mlio ukaja baadaye. Yule msichana mdogo alikuwa ananitazama usoni, aone kama nimeelewa. Nikamwitikia kwa kichwa: ndiyo, nimeelewa.

"Nitaliwasilisha kikao kijacho," nikamwambia Bi Kadzo. "Kwa utaratibu."

"Na mvua je?"

"Inshallah itatungoja."

Ningeweza kumpigia mwenyekiti simu nikiwa bado nimesimama pale. Ningeweza kudai bweni lifungwe siku ileile, watoto walale madarasani. Sikufanya, kwa sababu ningeonekana ninayapinga maneno yangu mwenyewe. Hiyo tu ndiyo sababu. Nimeitafuta nyingine sijaipata.

Kikao kikaahirishwa, mwenyekiti alikuwa na harusi. Mvua haikuahirishwa.

Ilikuwa wakati wa chakula cha mchana, watoto wako nje wanakula. Yule mdogo alikuwa amerudi bwenini kuchukua kandambili zake. Bi Kadzo akaona mawe ya juu yameanza kumwagika. Mtoto mwingine angeitwa kwa ukelele akatoka mbio. Huyu haitwi kwa ukelele. Ilibidi mama yule aingie amtoe kwa mikono. Mtoto alitupwa nje mzima. Ukuta ukamkuta Bi Kadzo kizingitini, na mguu wake wa kushoto ukakatwa hospitalini.

Nilikwenda kumwangalia, nimebeba machungwa.

"Karibu, Profesa," akasema. "Leo nawe umekuja bila kualikwa."

Nikaanza kuomba msamaha kwa niaba ya bodi. Akanyanyua mkono kunizuia.

"Usiwatie wenzio. Wale niliwasimulia tu, na anayesimuliwa husahau. Wewe ulitia mkono."

Kituo kimefungwa. Watoto wamerudishwa makwao, wengine mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja anayejua lugha yao ya mikono. Meneja amepata kazi kwingine. Mwenyekiti akiulizwa husema walifuata ushauri wangu, na hasemi uongo. Ile methali ya ufa na ukuta tafadhali msinitumie. Nimeshaletewa na kila mtu.

Nyumbani kwangu ndege hupita chini zikienda kutua, na madirisha hutikisika. Zamani sikuzisikia. Siku hizi mke wangu hunikuta nimesimama, kiganja ukutani, nangoja kitu.

Juzi nimeitwa niingie bodi ya zahanati moja kule Mtongwe. Wamesikia kwamba nimesoma. Bado sijawajibu.

Wewe unayeitwa mwanabodi, usitosheke na mahamri na taarifa. Nenda mahali penyewe, mtafute anayefagia na anayelaza watoto, umuulize anaogopa nini. Na siku utakapohisi nafuu moyoni kwa kuambiwa jambo fulani si kazi yako, iogope nafuu hiyo.

Mimi niliulizwa na mtoto, kwa macho, kama nimeelewa. Nilimjibu ndiyo.