Mkeka wa Watu Kumi na Mmoja

Mimi ni mwandishi wa mabango. Ukipita Misugusugu ukaona duka la mabati, saluni au kibanda cha chipsi kimeandikwa herufi nene zenye kivuli cha bluu, jua nilipanda ngazi hapo, suruali ndani, kanga kiunoni. Mwanamke kwenye ngazi! Walisema wee, wakachoka wenyewe. Majina ya watu nimeyaandika mpaka kidole kimeota sugu, na kile kivuli cha bluu ndicho kinachowafanya waseme, "Hii kazi ya yule mama." Najivunia, sioni haya.

Mwaka jana tulijikusanya watu kumi, wa Kibaha na Kisarawe, tufanye maonyesho ya pamoja katika ukumbi mmoja pale Maili Moja. Jamani, mchanganyiko ule! Kulikuwa na mchonga vinyago wa Dutumi, mtu asiyefungua kinywa mpaka utaje mti. Mwalimu mstaafu anayechora sura za watu kwa penseli. Karani wa kike anayeshinda ofisini Dar, jioni akirudi anahangaika na nta na vitambaa vya batiki. Kijana wa kupuliza rangi za makopo ukutani, ambaye kila kitu kwake ni "noma sana". Kila mmoja wetu kimoyomoyo aliamini kazi ya mwenzake si sanaa, ila adabu ilitufunga mdomo. Mratibu alikuwa mchoraji mwenzetu aliyesomea mambo hayo chuoni, kijana mpole, kalamu sikioni, orodha mkononi.

Mimi nilikuwa na langu moja tu: nilitaka kazi ya mama yangu iwemo.

Mama anaishi Mzenga, analima mihogo yake na kusuka mikeka. Amesuka tangu hajavunja ungo. Sijui maharusi wangapi wa upande ule wameanza maisha juu ya ukindu wake. Lakini ukimwita fundi, anakuruka. "Fundi ni yule wa cherehani. Mimi nasuka tu." Hilo "tu" lilinikaa kooni miaka mingi, kama mwiba wa samaki.

Nilipomwambia mratibu, akajikuna kichwa. "Dada, mkeka si kazi ya mikono?"

"Na wewe unachora kwa miguu?"

Wenzetu walicheka, yeye akacheka kidogo. Wiki mbili nilimganda kama ruba, mpaka akakubali. Mama angepata sehemu ya ukuta karibu na mlango, mradi kazi ifike imekamilika Alhamisi, siku moja kabla ya kufungua. Baada ya hapo mratibu angeandaa vile vikadi vya kubandika pembeni ya kila kazi, vyenye jina la msanii.

Nikampigia mama simu. "Mama, Alhamisi uje na mkeka."

"Wa nani?"

"Wa maonyesho."

"Ataulaza wapi? Chumba chake kikubwa?"

Nilicheka mpaka machozi. "Mama nawe! Wewe lete tu, uwe mzuri." Nikakata simu. Hapo ndipo nilipoharibu, na sina wa kumsingizia.

Alhamisi mama akashuka kwenye pikapu ya mihogo, baibui limejaa vumbi, kiroba kimefungwa kamba. Vijana wakamkimbilia. "Shikamoo bibi!" "Marahaba, wanangu, marahaba." Nikakifungua kile kiroba mbele ya watu wote, najiona mimi ndiye mimi. Ndani hamkuwa na mkeka. Yalikuwamo magombo ya ukili, ile mistari mirefu iliyosukwa ambayo hushonwa ubavu kwa ubavu ndipo uwe mkeka. Zambarau, kijani, nyekundu, mweupe mtupu, wenye vidoto, wenye misumeno, yaani meno kama ya msumeno. Hakuna hata mmoja ulioshonwa na mwenzake.

"Mama, mkeka uko wapi?"

"Si huo."

Hapo nikakumbuka. Mama yangu husuka mwaka mzima, lakini hashoni mpaka aione nyumba na amjue atakayelala. Anapima chumba, anapima watu, ndipo anatoa sindano. Mkeka usio na mwenyewe, husema, ni wa sokoni. Niliyekulia juu ya mikeka hiyo nilikuwa nimesahau. Aliponiuliza ule ukubwa wa chumba alikuwa anauliza kazi, mimi nikamcheka.

Mratibu akaja, akatazama, akanitazama. "Dada, haijakamilika," akasema taratibu. "Na sheria niliwaambia wote." Kufika saa kumi, ile sehemu ya karibu na mlango ilikuwa imepewa picha nyingine ya karani wa batiki, na kadi ya mama haikuandikwa.

Badala ya kujikasirikia mwenyewe nikamgeukia mama. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Kwamba nimehangaika kwa ajili yake, kwamba ameniaibisha, kwamba ndiyo maana watu wa shamba hawahesabiwi. Mama alisubiri nimalize, mikono mapajani.

"Umemaliza?"

Nikaanza kukikunja kile kiroba.

"Haya. Mwanangu," akamwita mratibu, "ukuta una wenyewe, nimeona. Na hapa chini je, pana mwenyewe?"

Mratibu akaangalia sakafu ya katikati ya ukumbi, akaangalia orodha yake. "Hapana, bibi. Hapa ni pa kupita watu."

"Basi waiteni wenzenu wakae. Nawapima."

Kufumba na kufumbua watu wazima kumi wameketi kwenye saruji, bega kwa bega, miguu imenyooshwa. Mwalimu mstaafu kabanwa na yule wa makopo ya rangi. Mchonga vinyago kakaa kando yangu, anatabasamu, jambo ambalo sijawahi kuliona tena. Mama akapita na kipande cha kamba, anapima toka bega la kwanza hadi la mwisho. Halafu akairefusha kamba kwa upana wa mtu mmoja zaidi.

"Bibi, sisi tuko kumi," mratibu akamwambia.

"Na mimi nikae kwenye saruji?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Niliinama nikajifanya narekebisha kandambili.

Kisha akamwambia kila mtu achague ukili wake. Yule kijana alichukua zambarau yenye misumeno. "Bibi, hii noma sana!" Mama akamwambia noma ni yeye na suruali yake isiyo na mkanda. Mwalimu alichagua mweupe usio na rangi hata moja. Mama akausifu akisema huo ndio mgumu, maana kosa halina pa kujificha. Mwalimu alijaa kiburi jioni yote.

Ijumaa asubuhi milango ilipofunguliwa, mama alikuwa ameshakaa katikati ya ukumbi na shazia, ile sindano nene ya mikeka. Wageni waliingia kutazama kuta wakaishia kuchuchumaa chini. Wafanyakazi wa ofisini na beji zao shingoni, akina mama wa sokoni, watoto wa shule. Nilimwona mama peke yake, mgongo umepinda, mistari ile mirefu inamsubiri, nikajua hawezi kuimaliza kwa siku tatu za maonyesho. Nikaenda nikakaa upande wa pili.

"Mama, nisamehe."

"Kaza huko kwanza. Umelegeza." Akanirushia shazia ya pili.

Tukashona. Ijumaa, Jumamosi, mpaka Jumapili mchana. Kila mmoja alikuja kwa zamu yake kuvuta ncha ili mshono unyooke. Karani wa batiki, ambaye picha yake ilikaa pale pa mama, alivuta kuliko wote. Vidole vyangu vya brashi vilivimba, na mama akavisema sana. Alinifundisha upya vitu alivyonifundisha nikiwa na miaka saba.

Jumapili alasiri mkeka ukalala katikati ya ukumbi, mistari kumi na mmoja, hakuna unaofanana na mwenzake, mishono imenyooka. Nilijivuna, jamani. Nilijivuna kama aliyezaa mapacha. Mgeni rasmi wa kufunga maonyesho, mtu mzima mwenye suti, alikuja kuuona akataka kuukanyaga.

"Viatu," mama akasema.

Mgeni rasmi akavua. Soksi ya kushoto ilikuwa imetoboka kwenye dole gumba, na hakuna aliyethubutu kucheka. Akaketi, sisi tukaketi, akapapasa ule mshono. Akageukia kuta zote akitafuta. "Kadi yake iko wapi? Msanii ni nani?"

Mratibu akatazama orodha yake kana kwamba ingemtetea. Halafu akanitazama mimi. "Dada," akasema, "andika wewe."

Nilipiga magoti pembeni ya mkeka na kipande cha kadibodi na mkebe wa rangi nyeusi. Nimeandika majina ya nusu ya Misugusugu. La mama yangu sikuwahi kuliandika popote, hata siku moja. Nikaandika jina lake lote, na la babu. Chini yake nikaandika: Msanii. Mzenga.

Mama anasoma herufi za Kiarabu alizojifunza chuo cha Kurani, hizi zetu hazijui. Akainama. "Imesemaje?"

Nikamsomea. Lile neno la pili kutoka mwisho nilimsomea mara mbili.

Nilisubiri aseme, "Mimi nasuka tu." Badala yake aliichukua ile kadi, akaipeleka mbali na macho, akairudisha karibu, akanirudishia.

"La yule muuza mabati lina kivuli," akasema. "Langu mbona halina?"

Nikafungua mkebe wa bluu.