Shule Iliyoanzia Ghalani

Mume wangu alitangaza kanisani kwamba tunafungua shule. Nilikuwa nimekaa na kwaya, nikazipata habari hizo pamoja na waumini wengine. Watu walipiga makofi. Na mimi nikapiga, maana kukaa kimya kungeonekana vibaya.

Sote wawili tulikuwa walimu wastaafu. Mimi nilikusudia kulima kakao na kupumzika. Yeye alikuwa amechoka kuona watoto wa Kyela wanafaulu kidato cha nne, wanapangiwa shule za mikoa ya mbali, na wengine, hasa wasichana, hawaendi kabisa. Alitaka kidato cha tano na sita papa hapa Mbugani, ili watoto waandaliwe kwa chuo kikuu karibu na kwao. Tulipofika nyumbani nilimuuliza watasomea wapi. Akasema ghalani. Nikamuuliza mpunga utakwenda wapi. Akasema hilo bado hajalifikia.

Mpunga ulihamia sebuleni.

Wakaguzi walikuja, wakaondoka, wakarudi, na mwishowe kibali kikapatikana. Tulianza na mchepuo wa historia, jiografia na Kiingereza, kwa sababu hayo ndiyo tuliyoyajua. Wanafunzi walikuwa wavulana wachache wa jirani na msichana mmoja kutoka Ikombe, kijiji cha ziwani. Msichana hatukuwa na pa kumweka, akawa analala sebuleni na magunia.

Haukupita muda mama yake akaja kutazama. Alikuwa mfinyanzi. Alipita ziwani kwa mtumbwi hadi Matema, akapanda gari la Kyela na vyungu vyake vya kuuza. Mume wangu alimpokea kwa heshima, akamtandazia mchoro wa bweni la wasichana lenye ghorofa. Mama yule aliutazama kwa adabu hadi mwisho.

“Hii ni karatasi, Mwalimu,” akasema. “Mwanangu analala wapi?”

Nikamwonyesha. Aliyaangalia magunia, akaangalia mlango, akauliza nani anaufunga. Kisha akasema atakaa hapo mpaka bweni lijengwe. Tulidhani anatania. Akaagiza kwao aletewe mkeka na nguo.

Alikaa hadi bintiye akamaliza kidato cha sita. Asubuhi aliuza vyungu sokoni, jioni alikaa mlangoni na kumuuliza kila mvulana aliyepita anatafuta nini. Habari zikaenea vijijini kwamba Mbugani kuna shule ambayo mama mzazi analala na wasichana. Wazazi wakaanza kuleta mabinti zao, tukakodi nyumba ya jirani ili watoshe. Mume wangu aliamini wanafuata ufundishaji wake wa jiografia. Sikuona sababu ya kumsahihisha.

Matokeo yalitoka mazuri. Binti wa Ikombe akapata nafasi chuo kikuu kusomea sheria. Mama yake alitushukuru, “ndaga fijo,” akakunja mkeka wake na kwenda zake. Muhula uliofuata wazazi walifika, wakauliza yule mama yuko wapi, na baadhi yao wakageuka na watoto wao.

Mume wangu hakuwahi kupanda mtumbwi. Ni mtu wa mashamba. Ziwa alilifundisha tu. Lakini alikwenda Ikombe, nami nikamsindikiza. Alitapika tangu tulipoacha ufuko wa Matema. Tulimkuta mama yule akisugua chungu kibichi kwa kokoto. Alitukaribisha, akaendelea kusugua. Mume wangu alizungumza kwa kirefu juu ya elimu ya mtoto wa kike na maendeleo ya taifa. Alipomaliza, mama akauliza bweni limefika wapi.

“Kwenye lenta, bado paa,” akajibu.

“Mkishaezeka, nitakuja.”

Njiani kurudi mume wangu alisema ghorofa si ya lazima. Nikasema si ya lazima.

Tuliezeka kabla ya masika. Akaja na vyungu vya maji, kimoja kwa kila chumba, akachukua chumba cha karibu na lango, akawa matroni wetu. Mchana ule nililala usingizi mzito, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu shule ianze, na hakuna aliyeniamsha.

Sasa tuna maabara, na mchepuo wa sayansi unaofundishwa na vijana wanaotuamkia kwa haraka wakipita. Wanafunzi wanatoka hadi Mbeya na Tukuyu. Bodi ya shule ilimwajiri mkuu mpya, ikamwomba mume wangu abaki na jiografia ya kidato cha tano. Alinuna wiki nzima, kisha akaingia darasani na chaki yake. Wazazi wapya wanasalimiana na mkuu, wanazungushwa maabara, wanaitikia kwa vichwa. Halafu wanauliza matroni anakaa wapi, na wakifika kwake ndipo wanapotaka kupewa kiti.