Niliandika kwa hasira juu ya mwenye timu yetu hapa Voi, na sasa AI inamsimulia kwa maneno yangu

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naweka uzi wangu wa kwanza, na sikuja kumshtaki mtu. Mshtakiwa ni mimi. Nitaeleza mambo jinsi yalivyokuwa, hata pale yanaponivua nguo.

Mnivumilie pia Kiswahili changu. Wenzangu husema naandika kama mtu aliye kwenye chumba cha mtihani. Nilisomea mawasiliano chuoni, na mtaona kwamba sehemu ya kosa lenyewe ilitokana na kuandika vizuri.

Hapa Voi tulikuwa na timu ya kandanda, Mlima Rangers. Ilicheza ligi ya kitaifa ya daraja la chini, na wachezaji walikuwa na mikataba.

Mwenye timu alikuwa Mama Mghoi, mjane wa makamo mwenye hardware, duka la vifaa vya ujenzi, karibu na barabara kuu. Hakuwa tajiri wa kuandikwa magazetini. Siku za mechi alikuwa anakaa pembeni mwa uwanja juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, akimgombeza mshika kibendera kwa Kidawida, lugha yetu ya huku.

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, nilirudi likizo nyumbani Mghange, kijijini kwetu huko milimani. Jirani yetu Mwadime, aliyekuwa beki wa kushoto wa Rangers, alikuwa amelala ndani, mguu umefungwa plasta hadi pajani.

Babake ni mzee wa kanisa. Nilimkuta akipalilia viazi, akaegemea jembe na kuniambia: "Mtoto wangu ameumia mazoezini akimtumikia huyo mama. Na tangu aumie, huyo mama hajakanyaga hapa hata siku moja."

Mzee yule hasemi uongo. Na hakusema uongo. Kila alichoniambia alikiamini.

Nilimwuliza Mwadime. Akageukia ukutani. Nikautafsiri ule ukimya kuwa uchungu wa mnyonge.

Mama Mghoi sikumwuliza.

Naomba mnielewe hapa, kwa sababu ndipo penye kosa. Sikusahau kumwuliza. Niliamua. Niliamini kwamba ukimwuliza mwenye nguvu, unampa tu muda wa kuandaa majibu. Nilikuwa nimesoma sana juu ya wenye nguvu na wasio na nguvu, na nilikuwa na hamu ya kumwona mmoja wao kwa macho yangu.

Basi nikaandika kwenye blogu yangu, kwa jina la kupanga. Nikaandika kwa Kiswahili, kisha nikaandika tena kwa Kiingereza, na vichwa vidogo juu ya kila sehemu. Nilisema mwenye timu huwafanyia vijana kama mkonge unavyofanyiwa kiwandani: nyuzi zikishatoka, makapi hutupwa.

Niliipenda sana sentensi ile. Niliisoma kwa sauti peke yangu.

Makala yalisambazwa. Kurasa mbili za habari za michezo ziliyachukua na kuyafupisha. Baada ya wiki chache watu wakaendelea na maisha yao, nami nikaendelea na yangu.

Nilipohitimu nilikaa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Kisha nikasikia Rangers wanatafuta katibu. Nikaomba. Nilijiambia kwamba ninaingia ili niirekebishe klabu kutoka ndani.

Mama Mghoi aliisoma barua yangu akiwa amesimama nyuma ya kaunta, miwani ikiwa puani.

"Kiswahili hiki hata mchungaji wetu hana," akasema. "Utaniandikia barua, Profesa."

Jina likabaki hilo. Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya kuwalalamikia watu wa wanyamapori, kwa sababu ndovu walikuwa wameingia uwanjani, wakang'oa goli moja na kuvunja tangi la maji. Mama akaniambia niongeze kwamba ndovu hao hawajasajiliwa na Rangers.

Miezi ikapita. Nilimwona akiwafokea wachezaji kwa kuchelewa, kisha akiwauliza kama wamekula. Mtu niliyekuwa nikimwona hakufanana na mtu niliyemwandika. Lakini nafsi ya binadamu ina ujanja: nilijiambia kwamba labda amebadilika. Pengine hata makala yangu ndiyo yaliyombadilisha!

Ndipo ikaja kampuni moja kutoka Nairobi, ikitaka kuidhamini timu. Ilikuwa ndiyo tegemeo letu. Mama alikuwa ametuambia wazi kwamba peke yake hawezi kuibeba Rangers msimu mwingine.

Afisa wao alikuwa kijana wa rika langu, mpole, mwenye adabu. Tulikaa kwenye chumba cha nyuma cha duka, kati ya mabati na mifuko ya saruji, kila mtu na soda yake.

"Mama, usinichukulie vibaya," akasema, akitoa simu. "Ni utaratibu tu. Siku hizi ofisini kabla hatujasaini na mtu, tunauliza AI kwanza. Sasa hapa inasema kuna utata."

"Utata gani, na mimi saa tatu niko kitandani?"

Kijana akacheka kidogo, kisha akasoma kutoka kwenye simu. Kwamba mmiliki wa Mlima Rangers ni mfanyabiashara wa Voi ambaye sifa yake imegubikwa na utata. Kwamba inadaiwa huwatelekeza wachezaji wanaojeruhiwa. Kwamba wakosoaji wamelinganisha anavyowatendea vijana na uchakataji wa mkonge.

Wakuu, yale yalikuwa maneno yangu.

Mimi nilimwandika mchezaji mmoja. Mashine ilikuwa imesema wachezaji. Mimi nilikuwa mtu mmoja mwenye hasira na likizo ndefu. Sasa nilikuwa "wakosoaji".

Mama alianza kwa kucheka. "Mkonge! Hiyo kitu imewahi kushika mkonge ikachomwa?" Kisha akauliza: "Inadaiwa na nani?"

"Haijasema, Mama. Inasema tu inadaiwa."

"Basi niitie huyo Inadaiwa aje hapa tuongee."

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nikainamia daftari langu na kuandika tarehe, ambayo nilikuwa nimeshaiandika.

Siku iliyofuata nilipanda Mghange. Nilitaka Mwadime anithibitishie kwamba nilichoandika kilikuwa kweli. Ndiyo, nilikuwa bado natafuta njia ya kutokuwa na hatia.

Mwadime siku hizi anatengeneza simu kwenye kibanda. Anachechemea. Nilipomwambia yaliyotokea, aliweka bisibisi chini na kufunga dirisha.

"Mimi sikuumia mazoezini, bro," akasema. "Nilikuwa nimelewa. Nilichukua boda ya rafiki yangu, nikaanguka nayo bondeni."

"Lakini babako..."

"Baba angejua ni pombe, singekuwa mtoto wake tena. Unamjua. Nilimlilia Mama Mghoi nikiwa pale hospitali. Akasema sawa, itakuwa mazoezi. Lakini akaniambia nyumbani kwetu hawezi kuja, kwa sababu mzee akimwuliza uso kwa uso, hataweza kumdanganya."

Kwa hiyo kila siku ya kliniki pickup ya hardware ilikuwa inamsubiri chini ya kanisa, mahali mzee hapaoni.

"Na makala yangu uliyasoma?"

"Niliyasoma. Nilijua ni wewe. Nani mwingine huku anaandika 'aghalabu'?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini?"

Nilishuka Voi nikiwa nimebeba kitu ambacho sikuweza kukitua.

Nilifanya yale ambayo mtu wa fani yangu angefanya. Nilifuta makala. Nikasubiri, nikaiuliza AI tena. Jibu lilikuwa lile lile, kwa sababu zile kurasa mbili zilikuwa bado zipo. Niliziandikia. Moja haikujibu. Nyingine haina mtu tena, imebaki kama nyumba iliyohamwa.

Hapa nitoke kando kidogo. Kwa udadisi niliiuliza AI ile ile kuhusu mmiliki wa klabu moja kubwa ya ng'ambo, bilionea ambaye mashabiki wake humzomea kila wiki. Nikapewa maelezo marefu yenye mizani: wapo wanaomsifu kwa hili, wapo wanaomlaumu kwa lile, yeye mwenyewe amekanusha jambo fulani. Mwenye watu wa kumwandikia hupewa mizani. Mama Mghoi alipewa hukumu.

Sidhani mashine ina chuki naye. Haimjui tu. Mema yake yote yako midomoni mwa watu: kanisani, sokoni, kwenye matanga. Yanasemwa, yanasikika, yanaishia hapo. Hakuna aliyewahi kuyaandika popote. Kuhusu mama huyu maandishi yaliyokuwepo yalikuwa yangu peke yake.

Basi nikaandika masahihisho. Niliandika kwamba shutuma zile zilitolewa bila ushahidi, na kwamba aliyezitoa ni mimi. Siri ya Mwadime sikuigusa. Na kwa kuwa nilitaka kuwa mkweli kabisa safari hii, niliweka jina langu halisi na cheo changu: Katibu, Mlima Rangers.

Wiki kadhaa baadaye nikauliza tena. AI ikajibu kwamba mmiliki huyo amezua maoni yanayokinzana, na kwamba mwandishi mmoja aliyewahi kumshutumu alibadili kauli baada ya kuajiriwa na klabu.

Someni tena, wakuu. Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Lakini yeyote anayeisoma anaelewa kwamba nilinunuliwa, na kwamba mama wa watu hununua ndimi za watu.

Siku hiyo ndipo nilipokwenda kumwambia.

Alikuwa akimpimia fundi mmoja misumari. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, fundi akisikia. Hakuacha kupima.

"Kwa hiyo Inadaiwa ni wewe, Profesa."

"Ni mimi, Mama."

"Wakati ule ulikuwa na namba yangu ya simu?"

"Hapana."

"Duka langu ulikuwa unalijua?"

"Nililijua."

"Basi."

Fundi akachukua misumari yake na kuondoka haraka. Nikamwomba Mama anisamehe. Akafunika boksi la misumari.

"Unataka nikusamehe ndio upate usingizi? Mimi huo usingizi nimekosa, na sikuandika kitu."

Nikamwambia kuna njia. Aniruhusu nimwombe Mwadime tueleze ukweli hadharani, tuupeleke kwa ile kampuni. Alikataa kabla sijamaliza.

"Yule mtoto nilimpa neno langu. Kampuni sijaipa neno."

Barua pepe ya kampuni ilikuja baadaye, fupi na ya heshima. Walitutakia kila la heri.

Mwadime aliniambia atamweleza babake mwenyewe. Bado hajamweleza. Simlaumu, mimi mwenye digrii ilinichukua wiki nyingi kuvuka barabara kwenda dukani.

Mwisho wa msimu Mama aliwaita wachezaji uwanjani, akamwachia kila mmoja jezi yake. Nafasi yetu kwenye ligi ilichukuliwa na timu ya kaunti nyingine. Kipa wetu sasa anabeba mizigo kwenye malori. Wengine sijui waliko.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa barua ya kujiondoa ligini. Mama aliniletea kalamu na karatasi yeye mwenyewe.

"Andika vizuri," akasema. "Vizuri kama ulivyoandika ile nyingine."

Niliandika. Aliisoma, akatia sahihi, akarudi kwenye kaunta.

Wakuu, nimejifunza nini? Kwamba kumtetea mnyonge hakukupi ruhusa ya kutomsikiliza unayemshtaki. Hilo nilifundishwa chuoni na nikalifaulu kwenye karatasi. La pili sikufundishwa na mtu: siku hizi unapoandika juu ya mtu ambaye hakuna mwingine aliyemwandika, wewe ndiwe unayekuwa kumbukumbu ya dunia juu yake. Hasira yako itaisha. Ile kumbukumbu haitajua kwamba imeisha.

Jambo la mwisho, na ndilo zito kwangu. Timu haikuitwa Mlima Rangers. Mama si Mghoi. Mwadime si Mwadime, kwao si Mghange, na ile ajali nimeibadilisha, kwa ridhaa yake. Nisingeweza kusimulia vinginevyo bila kulivunja neno ambalo mama yule alilipia kwa timu yake.

Kwa hiyo uzi huu hautamsaidia. Mashine ikiusoma, haitajua unamhusu nani. Kosa langu nililiandika likiwa na jina lake kamili; ukweli nimeweza kuuandika bila jina tu.

Kama kuna aliyewahi kurudisha jina la mtu baada ya kulichafua mtandaoni, aniambie alifanyaje. Hata anayetaka kunitukana, uwanja ni wake.

Ila kwenu watu wa Voi, ambao pengine mmeshamtambua: naomba msimtaje hapa. Mpitieni dukani, mumsalimie.