Mwantumu Anatafuta Kisu Kinachokata

Jikoni kwa Mwantumu kuna kopo la maziwa ya unga lenye visu saba, na hakuna hata kimoja kinachokata. Vinachana, vinabonda, vinakera. Kimoja chenye mpini wa plastiki wa rangi ya machungwa kina kazi moja tu kinayoijua, kukwangua ukoko wa sufuria. Ukikiweka juu ya nyanya, nyanya inabonyea kwanza, inafikiri, halafu inapasukia upande mwingine na kukutemea mbegu kifuani.

Visu vyote saba vililetwa na mumewe, mzee Mwinjuma. Huyu ni mwenyekiti wa kamati ya barabara hapa Mazingara, barabara ambayo bado haijafika, kwa hiyo nafasi anayo ya kutosha. Mnada haumpiti, na akikosa cha kununua anarudi na kisu. Sharti lake ni moja: king'ae. Anakiinua juani, anajitazama meno, anatikisa kichwa kama hakimu aliyeridhika na ushahidi, analipa. Nyumbani anakikabidhi kwa mkono wa kulia na bismillahi, utadhani anatoa hati ya shamba.

"Hiki sasa ndicho chenyewe," husema. "Stenlesi."

Siku ya tatu stenlesi imekuwa kijiko.

Mwantumu ana miaka hamsini na minne, na kwa miaka thelathini na mitatu amekuwa akiwakatia watu mboga. Nyumba ina walaji tisa. Majani ya kunde ni ya kukata nyembamba, bamia zinateleza, vitunguu vinaliza, na bada bila kitoweo haishuki kwa mtu, maana ugali wa mhogo una kiburi chake. Akishaswali alasiri anakaa kwenye kibao chake, na adhana ya magharibi inamkuta pale pale, mgongo umepinda, kifundo cha mkono wa kulia kimevimba, na mtu kutoka ndani anauliza kama chakula bado.

Hataki makubwa. Hajaomba kwenda Umra, hajaomba friji. Anataka akae. Alasiri, mgongo ukutani, miguu imenyooka mbele, saa nzima, bila kufanya kitu, jua lishuke likimwona. Aliwahi kumwambia Munira, mke wa mwanawe Muhsin.

"Ukae ufanye nini, mama?" Munira akauliza.

Jibu lilikuwa ndilo hilo hilo, kukaa. Mwantumu akarudi kwenye bamia zake.

Aliyemfungua macho ni Soila, mwanamke wa Kimasai anayewaletea maziwa. Alimkuta Mwantumu anakandamiza kitunguu kwa kisu kwa nguvu zote, ulimi nje.

"Mama, unamkata au unamkanda huyo kitunguu?"

"Niache, mama yeyo. Mkono umekufa."

Soila alitua galoni lake, akakichukua kisu, akapitisha ukucha wa dole gumba kwenye makali. Ukucha ulipita kama umepita kwenye ukingo wa sahani. Akacheka mpaka shanga zikalia.

"Hii imelala kabisa. Kwetu mwanaume akitembea na hii, tunamwuliza anaumwa nini."

"Kwani nyie visu mnapata wapi?"

"Mume wangu Kimaren alininunulia Korogwe. Kuna fundi nyuma ya soko, anaitwa Abraham. Kisu ya jikoni anatoa kwa msumeno, ile kubwa ya kupasua magogo. Haing'ai. Sura mbaya, kama mimi nikiamka."

"Inakata?"

Soila alimtazama kwa huruma. "Mama, mimi nakata nyama mpaka inaisha, halafu naanza kutafuta kitu ingine ya kukata."

Usiku ule Mwantumu alipiga hesabu yake kitandani, ya muda tu. Akipata kisu kinachokata, kazi ya alasiri inakwisha nusu. Nusu inayobaki ndiyo ile saa yake. Akauza majogoo mawili, akamwambia mumewe anakwenda Hale kumjulia hali mdogo wake ambaye mguu umemvimba. Hakudanganya. Mdogo wake yuko Hale, na mguu umevimba kweli, tangu mfungo wa mwaka jana. Ila hakusema kwamba ataanzia Korogwe, ndipo amwone mgonjwa wakati wa kurudi.

Abraham alikuwa Msambaa mnene mwenye mikono ya vumbi la chuma, kakaa chini ya bati lililotoboka kama chujio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimefuata kisu."

"Unapikia watu wangapi?"

"Tisa."

"Unakata nini zaidi?"

"Mboga za majani. Vitunguu. Nyama ikipatikana."

"Na mifupa?"

"Mifupa tuna panga."

Abraham aliacha nyundo. "Mungu akubariki. Watu wanakuja hapa wanataka kisu kimoja kipasue nazi, kivunje mfupa, kifungue kopo, halafu jioni kikate nyanya. Hata mke hafanyiwi hivyo."

"Anafanyiwa," alisema Mwantumu.

Fundi alikohoa kidogo. Akainama chini ya meza, akatoa kisu kinachong'aa kama jino la dhahabu. Alikuwa ameachiwa na mteja akitengeneze. Kimetoka kwenye boksi la visu sita na mkasi, alisema, zawadi ya harusi. Akavuta mpini, ukatoka mkononi kama soksi.

"Umeona? Chuma kimeingia kwenye mpini urefu wa kucha, basi. Kingine gundi na maombi. Siku ukikibana kwenye boga, mpini unabaki nao wewe, kisu kinabaki nalo boga."

"Tunavyo saba vya namna hiyo."

"Pole."

Vya kwake alivipanga vitatu juu ya gunia. Vyeusi, vina madoa, havina picha ya ng'ombe wala maandishi ya Kichina. Akamwonyesha kwamba chuma kinakwenda mpaka mwisho wa mpini, mti wa mpera umekibana huku na huku, misumari mitatu imepigwa ikalala sawa na mti. Kisha akamwambia aweke kidole pale bapa linapokutana na mpini, akiachie kisu kikae.

"Kikiangukia mbele sana, mkono wako ndio utakaokibeba siku nzima. Huo mkono naona umeshabeba vya kutosha."

Kisu cha kwanza kilikuwa kirefu mno, cha mchinja ng'ombe. Cha pili kilitulia vizuri, lakini mpini ulikuwa mnene, dole gumba lake likaanza kulalamika hapo hapo. Cha tatu bapa lilikuwa refu kidogo kuliko shibiri, na mpini ulijaa kiganjani bila kubanwa. Abraham akamwekea nyanya iliyoiva sana.

"Karatasi usijaribie, karatasi inakatwa na kila mhuni. Jaribu kwa nyanya. Usibonyeze. Kivute tu."

Akakivuta. Nyanya ikafunguka. Haikubonyea, haikutema, ilifunguka tu, vipande viwili vikalala vikitazama juu. Mwantumu akasimama pale na kisu mkononi. Akakata tena. Akakata mpaka nyanya ikawa karatasi.

"Mama," alisema Abraham taratibu, "hapa hatuna vitunguu. Mbona machozi?"

"Najua hamna. Nifungie hiki."

Akafungiwa kwenye gazeti, pamoja na masharti. Kitashika kutu, kwa hiyo akimaliza aoshe, afute, akikaushe, asikilaze ndani ya maji kama mtoto wa kizungu. Akatie juu ya mbao, si juu ya sahani. Kikianza kuchoka akinoe kwa kinoo, si kwa ngazi ya saruji. Na kama anataka kuongeza, anunue kidogo cha kumenyea, basi.

"Viwili vinakutosha mpaka kaburini. Mtu akikwambia unahitaji sita, huyo ana boksi."

Siku ya kwanza nyumbani, Mwantumu alipoinua kichwa kutoka kwenye kibao, majani ya kunde yalikuwa yamekwisha, vitunguu vimekwisha, na kivuli cha nyumba kilikuwa bado hakijafika kwenye banda la kuku. Akatazama huku na huku kama mwizi. Akakaa. Akanyoosha miguu. Kuku akapita, akamtazama, akaendelea na shughuli zake. Mwantumu hakuwaza chochote. Ilikuwa tamu hiyo, kuliko hata alivyodhani.

Raha hiyo ilidumu siku nne.

Siku ya tano mzee Mwinjuma alirudi mapema, akamkuta amekaa.

"Kumbe kazi yenyewe ni ndogo hivi?" alisema. Kesho yake akaleta wajumbe watatu wa kamati waje kula, kwa kuwa barabara hujadiliwa vizuri zaidi mtu akiwa ameshiba. Munira naye akaleta ungo wa matembele ya kwao: "Nikatie mama, wewe si dakika tu." Jirani akaleta figili. Saa ya Mwantumu ikaanza kuliwa na watu kama mchwa wanavyokula mlango, kimya kimya, kutoka ndani.

Lakini kosa kubwa alilifanya harusini.

Huku mwanamke akiitwa kusaidia kupika shughuli, anakwenda na kisu chake. Mpini umefungwa uzi wa rangi au umepakwa rangi ya kucha, kisichanganyike na cha mwenzake. Wanakaa kwenye mikeka, kila mmoja na ndoo yake ya vitunguu, na juu yao anasimama bi Hafsa, msimamizi wa masufuria, mwanamke ambaye sauti yake ingeweza kuhamisha ng'ombe kutoka wilaya hii hadi ile. Miaka yote Mwantumu alikwenda na kile cha rangi ya machungwa. Hakuwahi kumaliza ndoo yake kabla mchele haujaoshwa, na hakuna aliyewahi kumsema.

Safari hii alikwenda na kisu cha Abraham, amekifunga uzi wa kijani, na kwa kweli alikuwa na fahari kidogo. Ndoo yake ikaisha wakati wenzake bado wanatafuta robo.

"Nani huyo kamaliza?" bi Hafsa akapaza sauti.

Wanawake ishirini waliinamia ndoo zao kama wanasoma.

"Mwantumu! Mashallah! Mleteeni nyingine!"

Ikaja nyingine. Akamaliza, ikaja ya tatu. Baada ya hapo karoti, kisha hoho, kisha beseni la viazi. Mwanaisha, jirani yake wa siku nyingi aliyekaa pembeni, alimsogelea na kunong'ona.

"Wewe, umelogwa? Kisu kikali unakileta shughulini?"

"Sasa nilete kipi?"

Mwanaisha alimwonyesha cha kwake. Kilikuwa butu kama rula ya shule.

"Hiki ninacho tangu Hafsa anaolewa mara ya kwanza. Cha kazi kipo nyumbani, chini ya godoro."

Mwantumu akainua macho. Akavitazama visu vya mkeka mzima, kimoja kimoja: kilichopinda, chenye mapengo, kilichofungwa mpira wa baiskeli. Miaka thelathini na mitatu alikuwa akiwaonea huruma wanawake hawa, kwamba na wao waume zao wanawaletea takataka za mnadani. Kumbe katika mkeka ule ni yeye tu aliyekuwa akija na kisu butu kwa bahati mbaya; wenzake walikuja nacho kusudi.

"Na hukuniambia?"

"Nilijua unajua. Si ulikuwa unakuja na kibaya kuliko wote? Tulikuwa tunakusifu."

Kabla pilau halijaiva bi Hafsa alitangaza kwamba Mungu amempa Mwantumu mkono, na kuanzia leo vitunguu vya mtaa ni vyake. Mwezi ule zilikuwa zimebaki harusi mbili na khitma moja.

Alirudi nyumbani ananuka vitunguu mpaka kwenye nywele. Alikisugua kisu, akakifuta, akakikausha, akakaa nacho mapajani muda mrefu. Asubuhi akamwambia mumewe kwamba kimepotea kule harusini, si unajua watu. Kwa bi Hafsa akapeleka habari hiyo hiyo, kwa uso wa msiba. Akapewa pole.

"Si nilijua?" mzee Mwinjuma akachangamka, maana ilikuwa siku ya mnada. "Vitu vya kienyeji havikai. Nitakuletea kizuri."

Akaleta cha bluu.

Kisu cha Abraham siku hizi kinalala ndani ya gunia la makopa, kimezungushiwa kitambaa kikavu. Makopa hayo ni mhogo mkavu ambao hakuna mwanaume wa nyumba ile anayejua unatoka wapi kabla haujawa bada. Alasiri, mzee akiwa kwenye kamati na Munira kisimani, Mwantumu anakitoa. Dakika chache tu, haraka, bila sauti. Anaosha, anafuta, anarudisha, anafunika mboga kwa sinia.

Halafu anachukua ungo na kuumwagia mchele ambao amekwisha kuuchambua tangu asubuhi, anakaa ukutani, ananyoosha miguu, anauweka ungo mapajani. Kwa sababu amegundua, kwa gharama ya ndoo tatu za vitunguu, kwamba mwanamke aliyekaa ana nafasi, lakini mwanamke aliyekaa na ungo yuko kazini. Wajumbe hawaletwi. Matembele ya watu hayaji. Munira mwenyewe akirudi na maji anapita kwa adabu, asije akapewa sehemu yake.

Jua likiegemea, mzee Mwinjuma anatokea njiani, anasimama na kumtazama.

"Bado tu, Mwantumu?"

"Bado."

"Mchele wa siku hizi mawe mengi sana."

"Mawe matupu, baba Muhsin."

Anaguna, anaingia ndani kujilaza. Mwantumu anachukua punje moja safi, nyeupe, anaihamisha kutoka upande huu wa ungo kwenda upande ule. Anapumzika kidogo. Kisha anairudisha.