Matanga ya Inspekta Ndagala

Bibiche alijua kulia. Usicheke, ndugu yangu, kulia nako kuna wenyewe. Hapa Kalundu, bandarini Uvira, mtu akifariki wapo wanaokuja msibani, wanapiga mayowe mawili, kisha macho yanahamia kwenye sufuria ya maharagwe. Bibiche hakuwa wa hao. Akifika mlangoni alikuwa anavua kandambili, anamwita marehemu kwa jina, anamuuliza mbona ameondoka bila kuaga, mpaka wanaume waliokuwa wakijikaza kwenye viti wanaanza kutafuta leso. Wafiwa walikuwa wakimtuma mtu mapema: aitwe Bibiche. Naye hata kama ndagala zake, wale dagaa wa kuuza, zilikuwa bado mbichi juu ya mchanga, aliziacha akaenda. Hakudai kitu. Alikuwa akisema, "Minye nalilia batu, na siku yangu batanililia." Ndivyo tulivyolelewa. Kilio ni cha kupokezana.

Mume wake, Kitenge, alikuwa mchukuzi wa mizigo pale pale bandarini. Mrefu, mwenye maneno, mtu ambaye hata akiwa na gunia la chumvi mgongoni lazima akuchekeshe. Huyo ndiye aliyekuja kuwa inspekta.

Ilikuwa kati ya vita vya kwanza na vya pili vya hapa kwetu, tulipodhani mambo yametulia. Abdoul-Karim, mwenye duka la vitambaa, alikuwa na chumba cha video nyuma ya duka lake, na jenereta yenye kelele kuliko filamu yenyewe. Siku moja akaonyesha filamu ya ng'ambo ambayo mpelelezi wake alikuwa mtu mweusi kama sisi, anarusha ngumi na kuchekesha kwa pamoja. Kitenge alitoka mle ndani hashikiki. "Ule ni minye!" akapiga kifua. "Tofauti ni moja tu, yeye iko na gari." Donatien, mpiga picha za harusi, ndiye pekee mtaani aliyekuwa na kamera ya video. Akasema, kama ni hivyo, tutengeneze ya kwetu. Basi ikazaliwa filamu ya Inspekta Ndagala, mpelelezi wa bandari anayewanusa wezi kama paka anavyonusa samaki.

Ee bwana, kile kikundi! Abdoul-Karim aliigiza mkubwa wa wezi, na aliharibu kila picha kwa sababu mteja akipita alikuwa anaacha ujambazi na kumuamkia. Wachukuzi wenzake Kitenge walikuwa polisi asubuhi na majambazi mchana, watu wale wale. Bibiche alishona koti refu la mpelelezi kutoka kwenye turubai la kufunikia mizigo, na ndiye aliyewapaka masizi machoni waliopigwa ngumi. Donatien naye alikuwa na ugonjwa mmoja, kurudia. Kitenge ameruka kutoka ngazi ya meli, ameangukia magunia, mbavu zinamuuma, Donatien anapiga kelele, "Turudie!" Mtaa mzima ulilizoea neno hilo. Mtu akijikwaa barabarani, watu walimwambia arudie.

Ikafika sehemu ya matanga. Katika hadithi yao inspekta anajifanya amekufa ili wezi waje msibani kumcheka, naye aamke awakamate. Donatien akasema, "Tusiwaambie majirani. Wakijua watacheka mbele ya kamera. Bibiche alie tu, tuone watakaokuja."

Bibiche hakupenda. Kumlilia mtu mwenye pumzi zake ni kujitafutia mkosi, kila mtu anajua hivyo, hata padri atakunja uso. Lakini Kitenge akamshika mkono. "Mama, mara moja tu. Kisha tunakula." Na Bibiche, kwa Kitenge, neno hapana lilikuwa halijawahi kumtoka vizuri. Akakubali.

Kitenge akalala mkekani, shuka mpaka kidevuni. Donatien akajificha nyuma ya pazia na kamera yake. Bibiche akavua kandambili, akaanza.

Jamani, Kalundu nzima ilikuja! Concilie, jirani wa ua mmoja, ndiye aliyetangulia, amebeba makala, makaa ya jiko, kichwani na sukari ya watoto wake mkononi, maana mfiwa hawezi kukaa bila moto na chai. Alipomwona Kitenge chini alijitupa mpaka kilemba kikamtoka. "Bibiche, ni kweli?" Na Bibiche akajibu, "Kweli ya Mungu." Wazee walivua kofia. Wanawake wakashikana. Kisha Abdoul-Karim akaingia na wezi wake, na marehemu akaruka kutoka mkekani.

Wengine walipasua ua wakikimbia. Waliobaki, walipoona kamera, walikasirika vibaya sana. Concilie alikusanya makala yake moja moja. "Weye Bibiche! Machozi yangu ni ya kuchezea? Hutanidanganya tena, mpaka naingia kaburini!" Kitenge alikuwa amesimama katikati ya zile kelele anasema kitu, lakini Bibiche hakumsikia. Alikuwa amejifunika uso kwa nguo, anacheka, Mungu amsamehe, anacheka mpaka machozi yanamtoka upya.

Mwezi haukuisha. Vita vya pili vikaanza, na chakula kikapungua sokoni. Kitenge akaenda upande wa Makobola, barabara ya Fizi, kutafuta mihogo. Hakurudi. Aliyerudi ni mchukuzi mwenzake, miguu mitupu, jasho linamtiririka. Akamwambia Bibiche pale pale uani: risasi zimeanza njiani, Kitenge ameanguka, nimemwita mara nyingi hajibu, nimemwacha. Kisha naye akakimbia kuwatafuta watoto wake.

Bibiche akalia. Alimwita Kitenge kwa jina. Alimuuliza mbona ameondoka bila kuaga. Na ng'ambo ya ua akasikia mtu anacheka.

"Donatien iko narudia!"

Watoto wakaja kuchungulia kamera iko wapi. Concilie akasimama kwenye mlango wake, mikono kiunoni. "Mara hii siko naleta makala, dada. Kamata mwizi wako!"

"Bwana yangu amekufa," Bibiche akasema. Alikuwa amepiga magoti. "Concilie, amekufa. Kweli ya Mungu."

"Hata mara ile ulisema kweli ya Mungu."

Na maiti iko wapi ya kuwaonyesha? Iko barabarani. Alivyozidi kulia, ndivyo walivyozidi kumsifu: huyu mama ana kipaji, huyu angezaliwa kwa wazungu angekuwa tajiri. Moyo ulimpasuka mara mbili, kwa mume wake na kwa wale watu. Yeye aliyemlilia mama yake Concilie mpaka sauti ikakauka! Mwishowe akaona kwamba kulia kwenyewe ndiko kunakomnyima waombolezaji, akanyamaza. Alikaa peke yake kwenye mkeka, jiko halina moto, na hakuna aliyemletea hata kikombe cha chai.

Asubuhi yake risasi zilifika Kalundu, na hapo watu wakaamini. Lakini nani tena alikuwa na nafasi ya kukaa matanga? Kila mtu alitafuta mtumbwi wa kwenda Burundi. Concilie na Bibiche walivuka katika mtumbwi mmoja, magoti yakigusana, wala hawakutazamana.

Miaka ikapita huko ukimbizini. Bibiche aliporudi Kalundu alikuwa bado amevaa nguo nyeusi. Wanawake wa parokia wakamwambia, "Mama, vua sasa, inatosha." Akawajibu, "Ili niondoe matanga, lazima yawe yamewekwa. Nani aliniwekea?" Alirudia kuuza ndagala. Mtu akifa alipeleka makala, akaweka chini, akarudi nyumbani. Kulia hakulia tena, hata aitwe na nani. Concilie alikuwa akimwamkia kutoka ng'ambo ya ua, kisha anaingia ndani haraka. Aibu ikikaa muda mrefu inakuwa kama ukuta.

Siku moja Abdoul-Karim akaja, amezeeka, kofia mkononi. Donatien hakurudi baada ya vita. Wengine wanasema yuko Kigoma, wengine hawasemi kitu. Lakini mkanda wake wa video ulikuwepo, Abdoul-Karim aliuficha katikati ya gora la kitambaa ambalo wezi hawakulitaka. "Mama Bibiche," akasema, "siwezi kuuonyesha bila ruhusa yako."

Bibiche alimenya mhogo mzima kabla ya kujibu. "Uonyeshe. Lakini uite wote waliokuja siku ile."

Wakaja kwenye chumba cha video, alasiri, waliobaki. Mwanzoni watu walicheka, maana Kitenge akiruka kutoka ngazi ya meli na lile koti la turubai, hata jiwe lingecheka. Kisha kicheko kikapungua. Kila alipotokea mchukuzi ambaye hayupo tena, mtu mmoja gizani alisema polepole, "Na huyu pia." Ikafika kwenye mkeka.

Concilie akajiona mwenyewe anaingia na makala, anajitupa chini, anamwita Kitenge ndugu yangu. Hakuna aliyekuwa anaigiza pale isipokuwa Bibiche na Kitenge, na Kitenge sasa alikuwa amekufa kweli. Mzee mmoja akavua kofia. Wanawake wakaanza kulia chini kwa chini.

Abdoul-Karim akanyoosha mkono azime kabla maiti haijaruka.

"Acha," Bibiche akasema. "Aamuke."

Kitenge akaamka. Kelele, makofi, ua unapasuka. Lakini siku ile alikuwa amesimama karibu na pazia, karibu na kamera, na sauti yake ikatoka juu ya zile kelele zote, wazi kabisa.

"Mutanigombeza baadaye! Kwanza mupatie bibi yangu chai. Amelia tangu asubuhi, koo yake imekauka."

Picha ikakatika.

Bibiche alibaki anaitazama ile skrini. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Concilie akainuka, akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka. Walidhani amekimbia. Aliporudi alikuwa na makala kichwani. Akawasha jiko pale pale mlangoni pa Abdoul-Karim, akachemsha maji, akatia sukari nyingi mno, akaja kupiga magoti na kikombe. Wengine walikuwa wameshaanza kukaa chini, sakafuni, kama watu wanavyokaa msibani.

"Kunywa, dada," akasema. Uso wake ulikuwa umelowa.

Bibiche akakipokea kwa mikono miwili.

"Mumekawia," akamwambia.

Kisha akanywa. Chai ilikuwa bado ya moto sana, akainywa hivyo hivyo.